Karatasi Yenye Mikono

3 Machi
Mkwe wangu kaniletea daftari hili. Ukurasa wa kwanza kaandika yeye, maelekezo ya kompyuta. Mimi naanza karatasi inayofuata. Kasema kila siku niandike humu maji yamefika alama ngapi, ndio niingize kwenye kompyuta. Nikikosea kule, kuna pa kuangalia huku. Nikamuuliza, mengine naweza kuandika? Akacheka. "Baba, daftari lako. Andika hata ndoto."
Ndoto sina. Alama ya 9.

4 Machi
Alama ya 9. Jua kali.

5 Machi
Niandike kazi yangu, maana nimeambiwa naweza. Nina miaka ishirini na mbili hapa langoni. Mfereji mkubwa unapita, lango la chuma, na wavu wa kuzuia takataka. Nachota takataka. Nafungua lango, nafunga. Nasoma ubao wa alama ulioko ukutani kwenye maji. Ikifika 30, watu wa bondeni wahame, nyumba kama arobaini. Zamani nilizungusha king'ora kwa mkono, wakasikia, wakapanda. Basi.
Nyumba yangu imo humu humu ndani ya uzio, chumba na sebule. Ni ya kazi. Mke wangu alifia chumba cha nyuma, mwaka juzi mvua zilipoisha. Kazi ikiondoka, na chumba kile kinaondoka.
Leo mkwe kakaa na mimi asubuhi nzima. Yeye ndiye mtu wa kompyuta makao makuu. Katengeneza karatasi ya kwenye kompyuta, ina vijumba vijumba. Nikiandika alama, inahesabu yenyewe, na ikifika 30 inatuma ujumbe kwenye simu zote za bondeni. Mimi sigusi simu.
"Hii siyo karatasi ya kawaida, baba," kasema. "Hii ina mikono."
Lakini ukiifungua unatokea mstari wa njano juu. Nikausoma kwa kidole. Unasema hati hii ina programu ndani yake, programu zinaweza kudhuru, je unaruhusu?
"Mbona inasema inaweza kudhuru?"
"Inasema tu. Inamwambia kila mtu."
"Wewe imekwambia?"
"Baba, mimi ndiye niliyeitengeneza." Kacheka tena. "Bonyeza Ruhusu."
"Nikikataa?"
"Ukikataa inakuwa karatasi tu. Haihesabu, haitumi. Watu wa bondeni watabaki wanaangalia simu mpaka maji yawafike kiunoni."
Nikabonyeza. Akaandika na karatasi nyingine, kwa herufi kubwa, akaibandika ukutani juu ya kompyuta. UKIONA MSTARI WA NJANO BONYEZA RUHUSU. KILA SIKU. Akakandamiza kalamu kama anachonga mbao. Ndivyo anavyoandika huyu.

8 Machi
Wamekuja na gari kuchukua king'ora. Mkwe kasema hakihitajiki, kinakula nafasi. Mrefu akawauliza, "Mnakwenda kumzika wapi marehemu?" Mrefu ni mwenzangu wa zamu, ni mfupi kuliko beleshi lake. Wakapakia, wakaondoka.
Nimebaki naangalia matundu manne ya skrubu kwenye sakafu.
Alama ya 10. Ruhusu.

12 Machi
Mvua ya kwanza. Takataka mpaka godoro. Alama ya 14. Ruhusu.

13 Machi
15. Ruhusu.

14 Machi
15. Ruhusu.

16 Machi
Fomu ya kuomba mabuti siku hizi nayo inakuja kwa kompyuta. Nayo ina mstari wa njano. Ya likizo pia. Mrefu kauliza kwa nini fomu ya mabuti iwe na programu ndani. Nikamwambia labda inapima mguu.
"Basi yangu itakataa," kasema. "Itadhani ni ya mtoto."
Ruhusu, ruhusu, ruhusu. Leo mara tatu.

20 Machi
Binti yangu kaja. Kaleta shati na sabuni. Kafagia bila kuombwa, kama mama yake, akianzia nyuma ya mlango. Kasema mumewe wanamfikiria kumpa ukuu wa kitengo. Karatasi yetu hii ya langoni inasifiwa, wanataka iende na kwenye malango mengine.
"Wewe ndiye unayeifanya ionekane, baba. Kila siku unajaza, hukosi."
"Kidole changu kimoja hicho."
"Hicho hicho."
Nikafurahi, siwezi kudanganya. Nilimpinga alipotaka kuolewa na huyu. Nilisema anaongea sana. Mama yake ndiye aliyenituliza.

29 Machi
Leo imefika 30. Mvua toka alfajiri. Nimeandika 30 kwenye kijumba, nikabonyeza. Nikasikia simu yangu mwenyewe inalia mfukoni, na ya Mrefu. Nikatoka nje. Watu wanapanda kilima, na mizigo, bila kelele. Fundi viatu kaja mpaka uzioni kunicheka. Tunacheza naye drafti Jumapili.
"Zamani ulikuwa unatuamsha kwa makelele, leo umetutumia barua kama waungwana."
"Siyo mimi. Ni mkwe."
"Basi mkwe wako mtu."
Jioni mkwe kanipigia. Kasema nimefanya vizuri. Sijui nani mwingine kaniambia hivyo tangu mke wangu afe. Leo nimempenda.

2 Aprili
22. Ruhusu.

3 Aprili
21. Ruhusu. Mguu unauma.

9 Aprili
Mrefu kaniuliza, ule mstari wa njano unasema nini hasa? Nikataka kumwambia, nikakuta sikumbuki. Naubonyeza kabla sijausoma. Kitu kikikuuliza kila siku na jibu ni lile lile, unaacha kukisikia.
24. Ruhusu.

17 Aprili
Nitaandika kama ilivyokuwa.
Saa saba mchana, mvua nzito, alama ya 25. Ikaingia barua kwenye kompyuta. Jina la meneja juu yake. "Ratiba mpya ya zamu za mvua. Soma haraka." Ndani kuna hati. Nikaifungua. Mstari wa njano. Nikabonyeza Ruhusu.
Hati tupu. Nyeupe. Nikasema meneja kasahau kuandika, nikaifunga, nikaenda kwenye wavu, maana matawi yalikuwa yanaziba.
Saa tisa alama ya 28. Nikarudi kuandika. Karatasi yetu haifunguki. Majina ya hati zote yamegeuka, herufi za ovyo. Halafu kioo kizima kikawa na maneno mekundu. Hati zenu zimefungwa. Lipeni.
Nikampigia mkwe.
"Bonyeza Ruhusu, baba."
"Hakuna Ruhusu."
"Kuna mstari juu."
"Hakuna mstari. Kuna maneno mekundu."
Nikasikia anapumua. Akauliza polepole, "Umefungua nini?"
"Ratiba ya meneja."
"Meneja hajatuma ratiba."
Simu ikakatika. Sijui ilikatika au aliikata.
Nikatoka nje. Imeshapita 30. Nikaenda pale kilipokuwa king'ora. Nilikwenda kabisa, miguu yenyewe ilinipeleka. Matundu manne, yamejaa maji.
Nikampigia fundi viatu, hapokei. Namba nyingine za bondeni sina, zote zimo kwenye karatasi. Mrefu akang'oa mfuniko wa pipa, mimi nikachukua nondo, tukashuka mbio tunagonga. Mvua ile, bati zote zinapiga kelele, nani atasikia mfuniko? Tukapita mlango kwa mlango. Watu wanatoka wameshika simu, wanatuonyesha simu. "Mbona haijalia?" Mama mmoja akakataa kabisa kutoka, anasema ujumbe haujaja. Mrefu akambeba yeye na kiti chake.
Nyumba za chini hatukuwahi. Maji yalishaingia. Ukuta wa fundi viatu umemwangukia. Tulimtoa watu sita. Yuko hai. Mguu wake sitaki kuuandika.

18 Aprili
Niko bondeni tangu asubuhi, natoa matope.

20 Aprili
Nimekwenda hospitali. Wamemkata chini ya goti.
"Miguu ya watu nimeivalisha miaka arobaini, wangu umenishinda."
Nikashindwa kucheka. Akasema maji aliyaona yanapanda kuelekea mlangoni tangu saa tisa. "Nikasema kama ni hatari simu italia. Nikaendelea kushona." Simu ilikuwa kifuani kwake. Ya kwangu ilipoita alikuwa chini ya ukuta.
Kaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nimebonyeza.
"Nani alikwambia ubonyeze?"
Nikamwambia.
"Basi na yeye aje anione," kasema.

22 Aprili
Kikao makao makuu. Meza ndefu, maji kwenye chupa ndogo ndogo. Mimi nimekaa mwisho na mabuti yangu ya matope.
Meneja kasoma. Mtumishi wa langoni alifungua hati ya wahalifu na kuipa ruhusa. Kompyuta zote za malango matano zimefungwa.
Akamgeukia mkwe. "Wewe ulimfundisha?"
Mkwe hakuniangalia. Aliangalia chupa.
"Nilimwambia mzee asifungue kitu asichokijua. Nilimwambia asome onyo kabla ya kubonyeza. Lakini mnajua, elimu yake ni ndogo. Huenda hakuelewa."
Mzee. Miaka sita ananiita baba. Leo mzee.
Nikasema, "Uliniambia inasema tu."
"Mimi?"
"Uliniambia nibonyeze kila siku. Umebandika ukutani."
Meneja akauliza kama karatasi hiyo ipo. Nikasema ipo. Akamtuma dereva aende akaiangalie, sisi tukangoja. Kile chumba kilikuwa baridi. Dereva akarudi, kasema ukutani hakuna kitu.
Mimi huyu nilikuwa langoni mpaka asubuhi ile. Sikuinua macho kuangalia ukuta. Nani anaangalia ukuta wake mwenyewe?
Nimesimamishwa. Mkaguzi atakuja. Ikithibitika ni uzembe wangu, nahama nyumba mwisho wa mwezi wa tano.

23 Aprili
Ukutani imebaki gundi, pembe nne. Mrefu kasema siku ya tarehe kumi na nane mkwe alikuja asubuhi, mimi niko bondeni natoa matope. Alisema anakuja kuangalia kompyuta. Alikaa dakika tano.
Mvua hamna leo. Simo kazini lakini nimeusoma ubao. 19.

26 Aprili
Mkaguzi ni mwanamke wa makamo, kavaa raba, hakuogopa tope. Kakaa kwenye ndoo niliyoigeuza. Nikamwamkia kwa heshima, akasema, "Mimi ni mdogo kwako, shikamoo." Nilikuwa sijaamkiwa siku nyingi.
Kaniuliza yote. Nikamuuliza na mimi swali moja. Karatasi inawezaje kufunga malango matano?
Akaokota risiti iliyolowa pale chini. "Hii karatasi unaisoma. Haiwezi kukufanya kitu. Sasa hizi za kwenye kompyuta, wametia programu nzima ndani. Zinafanya kazi. Zinafungua vitu, zinafuta, zinatuma. Chochote unachoweza kukifanya wewe kwenye ile kompyuta, na zenyewe zinaweza."
"Zina mikono," nikasema.
"Nani alikuambia hivyo?"
"Aliyeitengeneza."
"Kasema kweli. Ila mikono hiyo inamtumikia yeyote aliyeiandika. Ya mkweo ilituma ujumbe. Ya yule mhalifu ilifunga kufuli. Kwako wewe zote mbili zina mstari ule ule wa njano. Kuzitofautisha ungeweza vipi?"
Nikasema sijui.
"Hata mimi ningehangaika," kasema. "Mlinzi akifundishwa kufungua geti kila anapobisha mtu, siku mwizi akibisha, kosa la nani?"
Halafu akafunga kitabu chake. "Lakini nahitaji kitu cha kushika mkononi. Yeye anasema alikufundisha kusoma onyo. Wewe unasema alikufundisha kubonyeza. Yeye ana shahada, wewe una darasa la nne. Unajua wataamini nani."
Nilikuwa na daftari hili chini ya mto wangu wa kulalia, ukurasa wa kwanza una mwandiko wake. Sikusema. Sijui kwa nini. Ni mume wa mtoto wangu. Nikamwambia nifikirie. Kasema atarudi tarehe pili kuandika maelezo yangu ya mwisho.

28 Aprili
Binti yangu kaja peke yake. Macho yamevimba. Hakufagia.
"Baba, yeye hakutaka hivi."
"Alisema mwenyewe, kwa mdomo wake."
"Aliogopa. Wakimfukuza ataanzia wapi? Jina lake litaharibika kila mahali. Wewe watakustaafisha tu."
"Na nyumba?"
"Utakuja kukaa kwetu."
"Kwake?"
Nikamwambia kuhusu fundi viatu na mguu wake. Akalia. Nikamwambia na la daftari, kwamba mwandiko wa mumewe ninao ukurasa wa kwanza, na mama yake nimemwandika humo. Nilimwambia kwa sababu ni mwanangu. Sikuwa namtishia.
Akafuta macho, akasema, "Naweza kuliona? Nisome ulivyoandika kuhusu mama."
Nikampa. Nikaenda kwenye wavu kumsaidia Mrefu, gogo lilikuwa limekwama. Niliporudi alikuwa amelirudisha chini ya mto na anavaa viatu. Kanikumbatia muda mrefu. Sijakumbatiwa hivyo tangu msiba.
Nimekaa nimefikiri. Yule amenitupa, lakini huyu ni wangu. Mkaguzi akija nitasema sikumbuki. Nitasema mimi ni mzee, nilichanganya. Chumba kile nitakiaga. Mke wangu angesema hivyo hivyo. Nimeamua.

30 Aprili
Leo nimefungua daftari, karatasi ya mwisho ikaanguka chini. Safi, haijaandikwa. Daftari hili limeshikwa na pini katikati. Ukichana karatasi ya mwanzo, mwenzake ya mwisho inalegea. Hilo hata mtu wa darasa la nne analijua.
Nikageuza mbele. Ukurasa wa kwanza haupo.
Kachana vizuri, kwa kucha, taratibu. Haukubaki hata uzi.

1 Mei
Nimelala kitandani mchana kutwa. Mrefu kaja na uji, kakaa mlangoni. Nikamwambia. Hakuwa na mzaha leo. Kasema tu, "Mwanao?"
"Mwanangu."
Akachukua daftari, akaligeuza geuza kwenye mwanga wa mlango. Halafu akasema, "Njoo uone hapa."
Ukurasa uliofuata, huu nilioandika siku ya kwanza, umejaa mabonde. Ukiulaza kwenye jua unaona herufi chini ya herufi zangu. Mrefu akatoa penseli ya kuwekea alama magunia, akaisugua polepole, kwa ubavu wa ncha, kama anapaka rangi. Zikatoka nyeupe, moja moja. Fungua hati. Mstari wa njano usiujali. Bonyeza Ruhusu. Kila siku. Na chini kabisa, sahihi yake yenye mkia mrefu.

2 Mei
Mvua nyepesi. 17.
Mkaguzi anakuja saa nne. Nampa daftari lote, na maneno haya ya leo ndani yake. Hili ndilo la mwisho kuandika.
Binti yangu, wataliweka mezani na wewe utalisoma. Kwa hiyo nakuandikia wewe.
Tarehe ishirini na nane, ulipokuwa unavaa viatu, mimi nilikuwa nimeshaanza kuamua kunyamaza. Jioni ile niliandika, rudi nyuma usome. Ningekuwa mjinga mbele ya wote na ningehama nyumba aliyofia mama yako, kwa ajili yako. Ulitakiwa kuniomba tu. Uliomba kusoma habari za mama yako.
Ulichana vizuri. Lakini mumeo anakandamiza kalamu.